Shamba la Duara Kule Gotu

Udongo mkavu unaoonja maji kwa mara ya kwanza haunukii kama mvua inayosifiwa redioni. Harufu yake ni kali, ina magadi ndani, na ikikuingia puani unapiga chafya kama mbuzi. Ndiyo harufu ya Gotu, kando ya mto Ewaso Nyiro, msimu ule kiangazi kilipomaliza mbuzi wetu na baba akaamua tuhame Chechelesi, mtaani kwetu Isiolo mjini, tukafungue shamba mahali ambapo jembe halijawahi kugusa. Tulihama familia chache, sisi Waturkana pamoja na Waborana, kijiji kikaanza kwa vibanda vya turubai. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumbani tangu hapo. Hata leo nikienda Meru asubuhi, kufika saa sita naota kitanda changu. Nililia njia nzima. Mama, aliyeacha meza yake ya mboga sokoni, hakulia, alitoa masharti tu: "Baba Akai, nakupa msimu mmoja. Mahindi yasipotoka, mimi na watoto tunarudi mjini. Wewe ubaki uoe mto."

Mwalimu wetu, kijana aliyependa historia kuliko chakula, alitusimulia habari za Japani ya zamani, enzi za mabwana wa ngome. Wakulima wasiokuwa na ardhi, wengi wao vitinda mimba wasiorithi kitu, waliingia mabwawani na nyikani, wakakinga mito kwa kuta za udongo, wakachimba mifereji na kupanda mpunga. Bwana naye aliwasamehe kodi miaka ya mwanzo wasije wakakata tamaa. Vijiji vyao viliitwa mashamba mapya, basi. Jioni nikampelekea baba habari hizo. Akautoa mswaki mdomoni. "Na mbuzi walikuwa nao?" Nikasema mwalimu hakutaja. "Basi hao walikuwa na shida kweli." Lakini kesho yake alichimba mfereji wa kutoka mtoni kwa nguvu mpya, na kila sururu ilipogonga jiwe alinguruma, "Japani!" kama anayefukuza fisi.

Tatizo ni kwamba baba alikuwa mfugaji mpaka kwenye kucha. Kabla ya kulima alizungushia shamba ua wa miiba, duara safi kama boma la mbuzi, kisha akalima ndani yake. Siku mfereji ulipofunguliwa, maji yalikata katikati kama mgeni mwenye haraka, pembeni hayakugusa. Baada ya wiki chache mahindi ya katikati yalikuwa yamesimama, ya pembeni yamegeuka manjano. Jirani yetu Galgalo alikuja, akasalimia, akacheka hadi akashika kiuno. "Mzee, hii mahindi unataka kukamua?"

"Cheka tu. Yako umelima namna gani?"

Galgalo akatazama pembeni. Shamba lake pia lilikuwa duara.

Mimi moyoni nilishaanza kufunga mizigo. Mama aliyatazama yale manjano, akafunga leso kiunoni na kuanza kung'oa miiba. "Maji hufuata mkondo," alisema, "hayaitwi kwa mluzi." Akachora mitaro midogo iliyonyooka, kama ile ya sukuma wiki zake nyuma ya nyumba Chechelesi. Baba akafuata na jembe, Galgalo nyuma yake.

"Si ulisema unarudi mjini?" baba akauliza hatimaye.

"Nilisema yasipotoka. Sikusema nitayaacha yafe nikiyaangalia."

Yalitoka. Si mengi, lakini tulichemsha, tukala hadi tukashindwa kuongea.

Siku hizi Gotu ina maduka, na vijana wanapanda vitunguu kwa mistari iliyonyooka kama daftari. Kila mmoja ana pampu yake, kwa hiyo maji hufika upesi, ila jirani hafiki. Hana la kuja kucheka. Baba tulimzika hapa. Dada yangu amemjengea mama chumba mjini, chenye bomba na stima, na kila Krismasi anamwuliza atahamia lini. Mama humjibu kwamba msimu bado haujaisha.