Isano na Ibere

Kazi ya stoo imeniharibu; hata nyumbani kwangu nahesabu vijiko. Nimetunza vifaa miaka mingi katika karakana ya manowari huko pwani, na simwamini mtu mpaka nione mikono yake.

Miongoni mwa vifaa hivyo ni vijiti vya mawe ya sabuni, ambavyo wachomeleaji huchorea alama kwenye chuma kabla ya kukikata. Vilitoka Tabaka, huko bara kwa kina mama, vya bapa na vya mviringo, na aliyeajiriwa na karakana kuvifunga huko ni mama mdogo, anayemfuata marehemu mama yangu. Siku moja alinipigia simu kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kama kawaida yake, akasema ametuma bapa, isano na ibere. Mimi nilizaliwa pwani, Ekegusii changu ni cha kuombea maji. Isano ni tano, ibere ni mbili. Nikaandika kwenye kadi: bapa makasha matano, mviringo mawili.

Mzigo ulipofika, yote saba yalikuwa bapa. Mwingine angeshukuru kwamba jumla imetimia. Mimi jumla hiyo ndiyo iliyonitia shaka, maana mwizi wa stoo anayejua kazi yake haachi pengo, hulijaza kwa kitu kingine. Nikaamini mama mdogo ameyapeleka ya mviringo kwa wachuuzi. Nikamweleza mkubwa wangu, akaandika barua ya kumwachisha kazi, nami nikapanda basi kuipeleka mwenyewe.

Nilimkuta uani na wenzake, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, anafunga mzigo mwingine. Sikuketi.

"Mama, yale mawili ya mviringo uliyapeleka wapi?"

"Mviringo gani, omwana one?" Alidhani mwanawe anamtania.

Nikamwamuru ahesabu kwa sauti makasha yaliyokuwa mbele yake. Akahesabu bila kinyongo, akigusa moja moja. Baada ya isano nilingoja neno jipya, halikuja. La sita aliliita isano na rimo. La saba, isano na ibere.

Wenzake walicheka, eti mtoto wa Mombasa hajui hata saba. Yeye hakucheka. Alikuwa ameiona barua mkononi mwangu, na kusoma anajua. Niliichana, nikaomba radhi, nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona. Alinipa chai na ndizi, akanisindikiza hadi barabarani.

Kwa mzigo uliofuata alipiga simu tena. Kwao Kiswahili ni cha kusemesha wageni.

"Makasha saba, bwana stoo," akasema, kwa Kiswahili safi cha shuleni.