Udongo wa Rotia

Kisiwani Onotoa mchanga ni mweupe, na chini yake ni jiwe la matumbawe. Udongo haupo. Ukiutaka, utengeneze mwenyewe.

Kuutengeneza ni kazi ya wanaume, au ndivyo wanavyojisifu. Wao ndio wanaotunza mashimo ya babai, yale magimbi makubwa, yaliyochimbwa mpaka kwenye maji matamu ya chini. Familia isiyo na babai la maana huingia kwenye karamu imeinamisha kichwa.

Mume wa Rotia alipofariki, shemeji yake Tokanikai hakungoja hata matanga yaishe.

"Shemeji, wewe endelea na mikeka yako. Shimo nitalichukua mimi."

"Nipe miaka minne."

"Na babai likitoka dogo kama ngumi?"

"Basi chukua shimo, nami nitakaa mlangoni kwako kungoja makombo kama kuku."

Watu walicheka. Rotia hakucheka, kwa sababu shimo lile ndilo lililowalisha wanawe, na likiondoka hakuwa na lingine.

Sasa sikia mkosi: mvua ikakata miaka mitatu! Wenye mashimo wakamwaga majani ya mshelisheli kama siku zote, yakakauka yakawa makaratasi. Jani bila maji haliozi, na lisipooza ni takataka tu. Jirani walilaumu majani, wakalaumu pepo. Rotia alilaumu jua, akaacha kumwaga juu. Alilowanisha majani kwenye maji ya chini ya shimo hadi yakalainika, akayaponda. Kisha akasuka vikuta vya makuti kuzunguka kila mche na kuyashindilia humo, akanyunyiza na kutu ya makopo ya zamani, maana kwenye matumbawe babai hukosa chuma likageuka njano.

Alichoka, nisiseme uongo. Mgongo ulimuuma hadi akashindwa kuinama kuchana samaki. Lakini mle shimoni mlikuwa na ubaridi, hakuna wa kumpa pole wala amri, naye alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi juu.

Mwaka wa nne, asubuhi ya karamu ya kanisa, Tokanikai alikuja mwenyewe kung'oa, ili ajionee. Akachimba, akavuta, akaita wawili wamsaidie. Loo! Babai lilitoka zito hata mmoja akateleza, akakaa matopeni.

"Lipelekeni kwenye maneaba, ukumbini kwa karamu," Tokanikai akawaambia. "Semeni ni la shemeji yangu."

Wale walipoondoka nalo, alibaki amechutama. Akaingiza mkono kwenye tundu, juu kweusi, chini kweupe. Akapima kwa kiganja.

"Kaka aliacha mpaka hapa tu," akasema. "Hiki cheusi cha juu, kiganja kizima, kimetoka wapi?"

"Kwangu."

Aliunusa ule udongo kitambo. Kisha akachungulia juu, kuhakikisha hakuna anayesikia.

"Shemeji," akanong'ona, "la kwangu limekuwa njano lote. Njoo unionyeshe."

"Weee! Mimi, msuka mikeka?"

"Usiniaibishe. Njoo."

"Nitakuja kesho. Lakini majani utabeba wewe, na utapita nayo katikati ya kijiji, mchana."

Tokanikai akaguna, akakubali. Rotia akacheka, akaketi palepale kwenye udongo wake.