Bosi Anapofunika Kalamu

Katika usaili, katibu muhtasi alizoea kumtazama bosi wa ajira zaidi kuliko waombaji kazi wenyewe. Sauti ya bosi ilikuwa laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto, na kila aliyeingia, bosi alimmiminia maji kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mtu akitaja tu kwamba aliwahi kuugua kwa kuzidiwa na kazi, bosi hutabasamu zaidi na kufunika kalamu yake taratibu. Hapo katibu hujua huyo hana chake.

Siku moja akaingia mfamasia, mama wa makamo, akajibu kila swali bila kubabaika.

“Mwaka mzima hukufanya kazi, mama. Kulikoni?”

“Kazi ilinichosha mpaka nikaanguka, mwanangu. Nikapumzika, nikapona.”

Kalamu ikafunikwa. Mama akaiona.

“Mbona umeacha kuandika?”

“Hapa kazi ni nyingi, mama. Naogopa usije ukaanguka tena.”

“Na wewe ukichoka, humwambia nani?”

Bosi akamgeukia katibu kana kwamba jibu analo yeye.

“Simwambii mtu,” akasema mwishowe, kwa sauti kavu ambayo katibu hakuwahi kuisikia.

Kazi akapewa kijana aliyeapa kwamba yeye hajui kuchoka.