Uso Uliotazama Kushoto

Makumbusho ya mji yalikuwa na sarafu mia tatu za fedha za Warumi wa kale, na mtu mmoja tu aliyezijua kwa sura. Wenzake walimwita Lenzi, kwa kuwa kioo chake cha kukuzia kilining'inia shingoni kama hirizi. Kwa miaka ishirini na sita alikaa chumba cha nyuma akizitenga: mfalme huyu ana taji la majani, yule hana.

Heshima yake yote ilitokana na sarafu moja. Katika sarafu za namna ile uso wa mfalme hutazama kulia. Hii ilitazama kushoto. Lenzi ndiye aliyeitambua kuwa aina ya pekee, na orodha za wakusanyaji zikaitaja kwa jina lake. Sasa alibakiza wiki mbili astaafu, na sarafu hiyo ilikuwa ikiandaliwa kabati la kioo mbele ya mlango.

Ndipo akaja mjane mmoja, mwalimu mstaafu, na kikasha cha marehemu mumewe. Ndani mlikuwa na sarafu moja. Uso kushoto.

"Mzee Lenzi," bawabu akacheka, "Mrumi wako kazaa pacha!"

Lenzi akazilaza zote mbili chini ya kioo. Furaha haikufika mbali. Warumi walipiga sarafu moja moja kwa nyundo. Chapa ikiwa moja, sura zitafanana; lakini pigo halifanani na pigo. Hizi zilikuwa na ufa uleule ukingoni, na kitundu kilekile chini ya kidevu. Zote zilimiminwa katika kalibu moja, kwa fedha halisi, na mjanja wa juzi tu. Mizani isingemwambia. Mshono wa kalibu ukingoni ungemwambia, lakini sarafu yake aliikuta imegandishwa kwenye kadi, na hakuibandua mpaka wiki ile ya kabati. Aliupenda ule uso, akaridhika nao. Kipenda roho hula nyama mbichi.

"Vipi, mzee mwenzangu?" mjane akauliza. "Ni ile aina yako?"

Kinywa kikatangulia moyo. "Mama, hii ni bandia. Imenakiliwa kutoka kwenye yetu."

"Na nani? Mume wangu alikuwa akija hapa kila Jumamosi. Wewe mwenyewe ulimfungulia droo."

"Sijamtaja mtu, mama."

"Umemtaja." Akafunga kikasha, akaondoka.

Kukosea kazini si dhambi. Kumtwisha maiti kosa lako ni dhambi, kwa kuwa maiti hana mdomo wa kujitetea.

Nyumbani alimweleza mkewe, naye akamsogelea. "Baba watoto, wiki mbili tu. Nyamaza, ustaafu salama." Ulikuwa ushauri wa mapenzi, na mbaya.

Alinyamaza siku nane. Siku ya tisa bawabu akamletea habari bila kicheko. "Yule mwalimu katupa makasha yote ya mumewe, isipokuwa kile cha sarafu. Watoto wameishusha na picha yake ukutani. Wanasema baba yao alikuwa mwizi wa makumbusho."

Lenzi hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane, akasema akiwa kizingitini:

"Mama, zote mbili ni bandia. Yetu pia. Mumeo alidanganywa kama nilivyodanganywa mimi."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Nilikuletea sarafu, ukanirudishia mwizi. Leo unataka kumtakasa. Wanangu nani atawaambia?"

"Mimi."

"Kwa mdomo uleule?"

Lenzi alirudi kazini, akawaandikia wenye orodha zile walifute jina lake, kisha akamkabili mkurugenzi. Sherehe ya kuagwa ikavunjwa. Kabati halikuondolewa; Lenzi aliomba libaki, na mjane akampelekea bawabu kile kikasha. Sarafu zikalazwa pamoja, ukingo ukionekana, na kadi kwa mwandiko wa Lenzi: "Bandia. Ya kwanza nilikosea kuitambua mimi, mtunzaji wa sarafu hizi. Ya pili mwenyewe aliinunua kwa nia njema. Nilimsingizia."

Siku yake ya mwisho kazini, mwana mkubwa wa marehemu alikuja peke yake. Aliisoma kadi ile mara mbili, ameinama, mikono nyuma. Kisha akampita Lenzi mlangoni bila salamu.