Hodi Tatu Kibarazani

Mke wangu alipokuwa hai, benchi mbili za kibarazani kwetu Mshangano hazikupoa. Watu walifuata togwa yake na maneno yake, na mimi niliongezea pale hadithi ilipopungua. Alipofariki walikuja msibani, wakaja arobaini, kisha wakaendelea kuniombea kutoka makwao. Sikuwalaumu sana. Niliwalaumu kiasi.

Nilikuwa na tovuti yangu ndogo, niliyojifunza kuitengeneza baada ya kustaafu ualimu. Huko naandika mambo ya hapa kwetu: baridi ya Juni, namna bibi yangu alivyohifadhi maharage, na kwa nini nguruwe wa jirani hawaheshimu uzio. Watu walikuwa wanasoma, nilikuwa naona. Lakini hawakusema neno, na mimi niliendelea kula ugali wangu nikitazamana na ukuta. Nilikuwa mpweke, nalisema hivyo hivyo lilivyo.

Ndipo nikaamua kuiongezea tovuti jukwaa la mazungumzo. Niligombana na kompyuta juma zima. Programu yenyewe ilikuwa ya bure, ila maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza cha watu wenye haraka, na umeme ulipenda kukatika kila nilipokaribia mwisho. Jukwaa nililiita Kibarazani. Nikaweka vyumba: cha kilimo, cha mapishi, cha habari za zamani, na kimoja cha ubishi tu, kwa kuwa nawajua watu wangu. Pale juu kabisa nikaandika: "Hapa ni kwetu. Ingia kama unavyoingia nyumbani kwa mtu." Kisha nikatuma anwani kwenye makundi yote ya simu niliyomo, la wastaafu, la jumuiya, hata la ukoo wa mke wangu.

Wa kwanza kuingia walikuwa wauza dawa za nguvu za kiume na mawakala wa kamari. Mtu hata simjui, anatupa neno moja na kiungo chake, anakimbia. Nikapandwa na hasira. Kwenye mipangilio nikakuta kufuli moja zuri: ujumbe wa neno moja au mawili kutoka kwa mgeni unazuiwa hapo hapo. Nikalifunga kwa furaha, na zile taarifa zilizokuwa zinanipigia kelele kwenye simu nikazizima. Kukawa kimya.

Kila asubuhi nilifungua jukwaa kabla hata sijakoka moto wa chai, nikakuta vyumba vyote vitupu. Nikaanza kujiandikia mwenyewe. Niliuliza swali la mbolea, nikajijibu kwa jina jingine, nikabishana na huyo mwingine mpaka tukanuniana.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba watu walikuwa wanajisajili. Majina niliyaona. Walikuwa wanafika mpaka mlangoni, wanachungulia, wanaondoka. Nikasema basi, tatizo ni mimi. Aliyekuwa anawaleta ameshakwenda, na mimi peke yangu sina cha kumfanya mtu akae.

Jumamosi moja sokoni mjini nikamwona rafiki mkubwa wa mke wangu, fundi cherehani wa Peramiho. Benchi ya kushoto ilikuwa yake. Akiwapo, hakuna mwingine aliyethubutu kuikalia. Nilipotuma ile anwani, nikiwa mkweli, yeye ndiye niliyekuwa namngoja kuliko wote.

"Shemeji! Habari za siku nyingi?" nikamwamkia kwa shangwe.

"Nzuri," akasema, akaendelea kuchagua nyanya.

Huyu ni mtu tuliyelia naye kaburini. Nikamuuliza kama nimemkosea.

"Mimi nilikuja kwako, shemeji. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Nikapiga ya tatu. Mtu akipiga hodi tatu hajaitikiwa, si anaelewa? Anakwenda zake."

"Lini? Mbona mimi sitoki nyumbani?"

"Kwenye hicho kibaraza chako cha mtandaoni. Tena umeandika mwenyewe tuingie kama nyumbani kwa mtu. Na ulikuwepo, kile kidoa chako cha kijani nilikuwa nakiona kinawaka."

Akalipia nyanya zake, akaniacha nimesimama. Mboga sikununua tena. Nilirudi nyumbani nikapekua mipangilio mpaka nikaupata ukurasa wa ujumbe uliozuiwa. Siku zote nilidhani unatupwa. Kumbe ulikuwa umehifadhiwa wote humo, na katikati ya wauza dawa walikuwepo watu wangu. Hodi. Hodi humu. Hodi jamani. Hodi ya mtu wa Lusewa niliyefundisha naye. Assalaam alaikum ya mfanyabiashara wa korosho wa Tunduru, aliyekuwa akipita kwetu kila akija mjini. Hakuna aliyeongeza neno, kwa sababu kwetu huanzi kuongea mlangoni kwa mtu kabla hujaambiwa karibu. Mke wangu angeniambia hilo kabla sijawasha kompyuta. Na shemeji alikuwemo: Hodi. Hodi shemeji. Hodi.

Nililia, sitaficha. Nikalifungua kufuli, nikaandika karibu chini ya kila mmoja, nikaeleza yaliyotokea, nikaomba radhi. Nikakaa mbele ya kompyuta mpaka jua likazama. Hakuna aliyerudi. Nani anarudi kwenye nyumba ambamo ameshanyamaziwa?

Kesho yake baada ya misa nikapanda gari la Peramiho, nina kilo ya sukari kwenye mfuko. Mlango wa shemeji ulikuwa umerudishwa.

"Hodi," nikasema.

Ndani nilisikia mwiko ukikwangua sufuria.

"Hodi, shemeji."

Mwiko ukatulia. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika nguo akanitazama, kisha kwa heshima akatazama pembeni. Aibu ikanishika mpaka masikioni. Ukisimama hapo, mtu wa ndani akijua upo, huna pa kuweka mikono.

"Hodi," nikasema mara ya tatu.

Nikangoja. Nikaweka sukari kizingitini, nikageuka, nikaanza kushuka ngazi.

"Karibu, shemeji," akasema kutoka ndani. "Nilikuwa nakusikia tangu ya kwanza."