Homa Isiyo na Mdudu

Kabla sijaumwa nilikuwa nanunua mbuzi mnadani Chemba. Kazi ile inataka mikono. Unampapasa mbuzi mgongoni na kiunoni, ndipo unajua ana nyama au ana manyoya tu.

Ugonjwa ulianza wakati wa kuvuna ufuta. Koo liliniuma, nikadhani ni vumbi. Kisha ikaja homa yenye tabia ya ajabu. Asubuhi nilikuwa mzima, nafagia na kupika. Jua likianza kushuka, meno yanagongana, mwili unawaka, viganja na magoti vinavimba. Kukicha imeondoka, imeniachia shuka lililolowa jasho.

Zahanati walipima malaria, hawakuiona. Wakanipa dawa za taifodi, nikazimaliza, homa ikarudi saa ile ile. Majirani walisema nimerogwa kwa ajili ya biashara. Sikubishana nao, ila nilijiuliza ni mchawi gani huyu anayefuata saa.

Nilikonda hadi pete ikawa inadondoka kidoleni. Vidole havikuweza hata kufunga kitenge; mume wangu, Baba Zubeda, ndiye aliyenifunga na kunichana nywele. Mwishowe tukapewa rufaa kwenda Dodoma mjini.

Huko daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza kama natokwa na upele. Nikamjibu kwamba jioni upo, asubuhi haupo. Baba Zubeda akatoa simu. Alikuwa ameupiga picha, kwa kuwa kila tulipofika zahanati asubuhi ngozi ilikuwa safi, tukaonekana waongo. Daktari aliitazama picha ile kwa muda, akaagiza nilazwe.

Walitafuta kifua kikuu. Walitafuta saratani, wakanichoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga wakatoa uboho. Maumivu yale siyasahau. Majibu yalipotoka, daktari aliketi kando ya kitanda changu.

"Mama Zubeda, homa yako haina mdudu. Ni kinga ya mwili wako yenyewe."

"Kama hakuna mdudu, inapigana na nani?"

Akatabasamu, akakiri kwamba hata wao jibu lote hawana. Lakini alinieleza wanachokijua. Chembe za kinga hutoa protini ndogo, na hizo ndizo ujumbe wao. Chembe inayopelekewa ujumbe ina vipokezi juu ya ngozi yake. Protini ikishika kipokezi, ndani kazi inaanza: homa, uvimbe, maumivu. Kwangu ujumbe ulikuwa unatolewa bila kukoma. Nikamuuliza kama mbuzi nao wana vipokezi hivyo. Akasema wanavyo. Nililala nikiwaza mambo hayo, mbuzi wote wale niliowashika, na mimi sijui.

Vidonge vya kwanza vilinivimbisha uso, na kila walipovipunguza homa ilirudi. Ndipo wakaniwekea dripu ya dawa nyingine. Hiyo, daktari alisema, inakaa kwenye kipokezi, ujumbe ukifika unakuta pamekaliwa.

Jioni haikuja homa. Nikadhani imechelewa, nikajifunika blanketi nikaisubiri. Kesho yake pia nikaisubiri. Ilipopita wiki, nilifunga kitenge changu mwenyewe, na Baba Zubeda akageuza uso ili nisimwone akilia.

Siku hizi huenda hospitali kwa dripu kila inapofika tarehe yangu, na mnadani nimerudi. Lakini wenzangu mnaotumia dawa kama yangu, nisikilizeni. Majuzi nilipata kikohozi kidogo. Mwili haukuwa na joto hata chembe, nikataka kupuuza. Nikakumbuka nilivyoonywa: dawa hii hunyamazisha homa, hata ile yenye mdudu wa kweli. Nikaenda. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia.

Namshukuru Mungu, namshukuru mume wangu na daktari aliyevumilia maswali yangu. Ulizeni na ninyi. Na mkijisikia vibaya, nendeni hospitali mapema, msingoje mwili upate moto.