Ndugu wa Paja

Wifi yangu ni daktari, na mimi ni ndugu wa paja la kuku. Usicheke, hiyo ni kazi.

Hospitalini kwao, wanaojifunza kushona mishipa myembamba ya damu walikuwa wakifanya mazoezi kwa panya hai. Wifi alikuwa akiwalilia panya mpaka hadubini inaingia ukungu. Panya walipopigwa marufuku, yakaletwa mapaja ya kuku kutoka kibandani kwangu ninapouza kuku, nikamshukuru Mungu mara mbili. Mshipa wa paja ni mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ukishashonwa, hupitishwa maji mekundu. Yakivuja, umeua.

Tatizo ni Profesa wao. Anasema paja haliwatii watu huruma, na mkono usiojua msiba ni hatari. Kwa hiyo paja huvalishwa kitambulisho na kusimamiwa na daktari wa usingizi.

"Anapumua?"

"Kama jana, Profesa."

Na likifa, aliyeliua hutoka kuwapa ndugu habari. Ndugu ndiye mimi, kwenye benchi la korido, kwa kuwa nililijua tangu lina manyoya.

Wifi alishavuja mara mbili. Mara zote alinijia kofia mkononi: "Ndugu yangu, tumejitahidi, lakini Mungu kampenda zaidi." Nami nikaangua kilio, maana kazi ya nusunusu siipendi.

Mtihani wa tatu ulikuwa wa mwisho. Akivuja, hatashona mkono wa binadamu. Atarudi kuandikia watu dawa za mafua mpaka astaafu. Kuku nilimchagua mwenyewe, mnene wa miguu. Nikakaa kwenye benchi.

Mlango ukafunguka. Wifi, kofia mkononi.

"Ndugu yangu, tumejitahidi..."

Nikapiga ukunga, nikaanguka sakafuni. Nilikuwa namlilia yeye, si paja. Mgonjwa mmoja aliyepita na magongo akanipa pole.

Profesa akachungulia. "We daktari! Hajavuja hata tone! Unamuua nani huko?"

Wifi akamgeukia. "Profesa, nimekariri neno hilo moja tu."

Kuanzia Jumatatu atashona vidole vya watoto wa watu, na mama zao watakaa kwenye benchi lile lile. Basi jioni hii tuko jikoni, mimi nanoa visu vyangu, chai yake inapoa.

"Damu inapita," namkaririsha habari njema. "Sema tena, wifi."